Mgeni wa Mama Mkoa

Pale Somanda, mjini Bariadi, ukimuuliza kijana wa bodaboda nyumba ya Benedikta, atakukunjia uso. Muulize kwa Mama Mkoa, hapo hapo anawasha pikipiki. Jina hilo hakujipa mwenyewe, maskini ya Mungu. Walimpa watu wa ukoo, wa kwake na wa mumewe, kwa sababu tangu Simiyu iwe mkoa na Bariadi iwe makao makuu, hakuna mtu wa upande wao mwenye shida ya kiserikali ambaye hajalala kwake. Anayefuatilia hati ya shamba analala kwake. Aliyeitwa mahakamani analala kwake. Mwenye cheti kilichokosewa jina, mjamzito aliyeambiwa asikae mbali na hospitali, mkulima aliyetumwa na wenzake kulalamikia mbegu za pamba, wote kwake. Kuna mpwa mmoja alikuja kwa usaili wa siku moja, akaondoka baada ya kuoa. Simzushii, mkewe alimpata mtaa wa pili.

Nyumba yenyewe si jumba. Ni vyumba vinne na bati, nje imepigwa plasta upande mmoja tu, ule unaotazama barabara, maana Mayala, mumewe, alisema upande wa nyuma hauna mgeni. Uani kuna mwarobaini na jiko la kuni, na chumba kimoja kando chenye vitanda viwili ambavyo havikai bure wiki nzima.

Benedikta ana miaka hamsini na tisa, mfupi, mweusi wa kung'aa, sauti ya chini. Hana maneno mengi. Hakasiriki kwa mdomo, hukasirika kwa ufagio. Ukimkuta anafagia uani asubuhi, hiyo ni kazi. Ukimkuta anafagia mchana, pale pale alipofagia asubuhi, ujue moyoni kuna jambo, pita kimya kimya.

Na mwaka huu alifagia sana.

Jambo lenyewe lilianza Mayala alipostaafu. Mayala alikuwa dereva wa serikali miaka thelathini na ushee, kwanza wilayani, kisha mkoani. Alipokabidhi funguo za gari akarudi nyumbani, alikaa miezi minne akitazama ukuta, halafu jioni moja, anavua viatu, akasema, "Mama, turudi Lalago. Kwa baba pale ua wa minyaa bado umesimama. Nijenge upya, nifuge. Mjini hapa tumekuwa gesti ya ukoo."

Benedikta akasema, "Sawa."

"Mnunuzi nimepata. Januarius, yule afisa aliyehamishiwa hapa mwaka jana. Nyumba ya makao makuu haikai sokoni, nakwambia. Anataka ahamie mwisho wa mwezi wa sita."

"Sawa," akasema tena, akachukua ufagio.

Sasa hiyo "sawa" ya Benedikta, jamani, mume aliyeishi na mwanamke miaka thelathini na tano angepaswa kuijua. Lakini Mayala hakuijua, au aliijua akaiogopa. Hakutaka kuondoka, yule mama. Alitaka kuzeeka pale, afe pale. Na sababu yake haikuwa umeme wala maji ya bomba wala lami. Sababu yake ilikuwa na jina, na jina hilo ndani ya nyumba ile halikutajwa miaka ishirini na sita.

Vijana wa leo wa Bariadi wanaona mkoa wameukuta, kama vile mlima. Hawajui. Mpaka mwaka elfu mbili na kumi na mbili mkoa ulikuwa Shinyanga. Bariadi ilikuwa wilaya, mji wa viwanda vya kuchambulia pamba na vumbi, na kila jambo zito lilikuwa na jibu moja tu: nenda mkoani. Ukitaka muhuri, mkoani. Ugonjwa ukishinda hospitali ya wilaya, mkoani. Na mkoani maana yake ni kupita Maswa, ukapita mbuga nyeusi ambayo mvua ikinyesha gari linakaa kama limepandwa, ukavuka mito isiyo na daraja la maana. Mtu mzima alikuwa anaaga kwa machozi.

Mwaka wa zile mvua kubwa, zile watu walizoziita elinino, mtoto wao Generoza aliugua malaria, damu ikamwisha. Alikuwa na miaka minne, mtoto mwenye maswali mengi hata padri alimkimbia. Wakaandikiwa barua ya kwenda Shinyanga. Gari la wilaya halikuwepo. Lilikuwa huko huko Shinyanga tangu jana yake, Mayala amelipeleka na mafaili, anasubiri saini. Benedikta akapanda basi na mtoto mgongoni. Mchana saa nane basi likasimama mtoni, maji yamejaa, na abiria wakashuka kungoja yapungue. Maji yalipopungua, Generoza hakuwepo tena. Ng'ambo ya mto, kwenye foleni ya magari yaliyozuiwa, lilikuwemo la wilaya, na Mayala ndani yake anarudi na saini yake.

Hakuna aliyekosea. Ndilo lililowaumiza zaidi, hakukuwa na wa kumlaumu. Walizika, wakapata watoto wengine watatu, wakawasomesha, wakatawanyika. Kila mwezi wa kumi na moja Benedikta anapeleka jina la mtoto parokiani aombewe misa ya marehemu, na kwenye misa hiyo huenda peke yake.

Kwa hiyo siku redio iliposema Bariadi ni mkoa, watu walipoimba barabarani, yeye alikaa jikoni akalia mpaka ugali ukaungua. Na hospitali ya mkoa ilipoanza kazi, alipata mazoea ambayo hakumwambia mtu. Kila jioni, akishamwaga maji ya vyombo, husimama kidogo kwenye kona ya ua ambako taa za hospitali zinaonekana. Anazitazama. Basi, anaingia ndani. Wengine makao makuu wanayapendea maduka na ofisi, yeye aliyapendea zile taa. Ndiyo maana hakuwahi kumfukuza mgeni, hata yule mpwa.

Sasa mwezi wa tano, siku ya Jumatatu, Benedikta anafagia mara ya pili, pikipiki ikasimama nje. Ilikuwa ya Yakobo, kijana wa bodaboda wa mtaa ule.

"Mama Mkoa! Mgeni wenu huyo!" Akashusha mzee na mfuko wa salfeti, akageuza, akaenda zake, maana alikuwa na abiria mwingine stendi.

Mzee alikuwa mrefu, mkavu, ana fimbo, na macho yake yote mawili yamefunikwa na utando mweupe. Mtoto wa jicho. Alikuwa anatazama kidogo pembeni ya mahali Benedikta aliposimama.

"Mwadila, mayu," akamsalimia mama kwa Kisukuma.

Benedikta akapiga goti. "Mwadila, baba. Karibu. Ng'wana nani, mtoto wa nani?"

"Mimi Mahona, ng'wana Limbu. Wa Kimali, huko Meatu."

Benedikta akapitisha jina hilo kichwani. Kwao hakuna Limbu. Basi ni wa upande wa mume. Na baba yake Mayala si alikuwa na ndugu waliohamia Meatu na ng'ombe miaka ile ya ukame? Ndio hao. Baba mkwe! Akampokea mfuko kwa mikono miwili, akatandika shuka jipya, akaingia kukamata kuku.

Mayala aliporudi akakuta mzee ameketi chini ya mwarobaini, na kuku yuko jikoni. Akasalimia, akaambiwa lile lile, Mahona ng'wana Limbu wa Kimali. Naye akapitisha kichwani. Kwetu hakuna Limbu. Basi ni wa kwao Benedikta, maana mama yake mzazi alitoka Meatu. Baba mkwe! Akavua kofia.

Utasema kwa nini hawakuulizana. Wewe huwajui Wasukuma wa rika lile. Umuulize mwenzio, "Hivi huyu ndugu yako ni nani?" Ni tusi hilo, ni kusema ukoo wake huujui na mgeni wake amekuchosha. Tena Mayala alikuwa ameshasema neno la gesti, akajiuma ulimi. Akajiambia, tunaondoka mwisho wa mwezi ujao, acha mama wa watu ahudumie baba yake kwa mara ya mwisho. Na Benedikta naye akajiambia, huyu ndiye mgeni wangu wa mwisho hapa, na ni wa mume wangu, asije akasema huko Lalago kwamba sikumlea.

Basi kila mmoja akamheshimu mzee kwa heshima ya ukwe. Na ukwe una masharti. Mkwe hakai kwenye kiti cha mkwe wake, hamtazami usoni, na kubwa zaidi, hali naye sahani moja. Kwa hiyo chakula kikiiva, Benedikta anamtengea mzee uani, anamnawisha, anaondoka. Mayala naye, ambaye wageni wengine wanaume hula nao, anakohoa, anasema ana kazi, anakwenda kula sebuleni. Mzee Mahona anabaki na ugali wake, kuku wake na mwarobaini. Anapapasa bakuli.

Na firigisi! Firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, hata mtoto mdogo anajua. Lakini Benedikta, kwa kumheshimu mkubwa wa mumewe, alimpa mzee. Mayala aliiona ikipita. Siku ya kwanza akameza mate. Kuku wa pili, firigisi ikapita tena. Akawaza, kumbe mama akiwa na mtu wa kwao mimi sina hata firigisi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini mkwe utampaje jembe, tena asiyeona? Kwa kweli alinuna, ila kwa adabu.

Mambo ya hospitali nayo yakachelewa. Siku ya kwanza presha ya mzee ilikuwa juu, wakampa dawa arudi baada ya wiki. Akarudi, bado. Kila mara Mayala ndiye aliyempeleka, kwa mguu, amemshika kiwiko. Ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano. Njiani mzee aliuliza: hii ni nini inanguruma? Ni grida, baba, inachonga barabara. Na huku kunanukia nini? Ofisi mpya hizo, rangi. Mzee anacheka peke yake. "Mkoa," anasema, kama mtu anayeonja kitu.

Wiki ya tatu presha ikashuka, wakamfanyia jicho la kulia. Kesho yake asubuhi wakambandua bandeji. Mayala akamrudisha, na mzee akakataa kushikwa kiwiko. Alitembea mwenyewe, anasimama kila hatua: anatazama mbuzi, anatazama kibao, anatazama viatu vyake.

Walipofika akaingia sebuleni bila kukaribishwa, mara yake ya kwanza. Akasimama mbele ya ukuta. Picha ya harusi, Mayala ndani ya koti la kuazima linalomfika vidoleni. Rozari kwenye msumari. Kalenda ya parokia. Watoto watatu na majoho yao ya kumaliza shule. Na pembeni, picha ndogo iliyofifia, mtoto wa kike amekunja ngumi anacheka. Mzee akatazama sana. Halafu akageuka akawatazama wenyewe.

"Kumbe hii ni nyumba ya watu," akasema.

Mayala akashangaa. "Ya watu, baba. Ulidhani ya nani?"

"Ya mkoa."

"Ya mkoa vipi?"

"Mimi pale stendi nilimwambia yule kijana wa pikipiki nakuja hospitali ya mkoa, wala sina pa kulala. Akasema, usihofu mzee, wa hospitali wote wanalala kwa Mama Mkoa. Nikajua serikali imejenga nyumba ya wagonjwa, na huyu mayu ameajiriwa kutulea. Nikasema kweli safari hii wametukumbuka. Kuku, jamani!" Akasita. Aibu ilikuwa imeanza kumpanda. "Ila kuna kitu nilitaka kuuliza tangu siku ya kwanza. Ile sheria ya mgonjwa kula peke yake, ni ya daktari au ni ya mkoa? Maana imenitesa kuliko jicho."

Mayala akamgeukia mkewe pole pole.

"Benedikta. Huyu si baba yako mdogo?"

"Wangu? Si wa kwenu? Wale waliohamia Meatu na ng'ombe?"

"Waliohamia Meatu na ng'ombe wote walikwisha kufa!"

Benedikta akaziba mdomo kwa khanga. Mayala akakaa chini, sakafuni hasa, mzee mzima, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Firigisi!" anasema, "firigisi zangu wiki tatu! Nimenuna ndani ya nyumba yangu kwa ajili ya mtu wa Yakobo!" Na Benedikta, ambaye tangu lile neno la Lalago hakuwa ametoa jino, akacheka naye, machozi yanamtoka.

Mzee Mahona hakucheka. Alikwenda uani, akaingia chumbani kwake, akatoka na mfuko wake wa salfeti. "Nimekula vya watu," akasema. "Nimelalia shuka za watu, bila haki. Mnisamehe, wanangu."

Mayala akainuka akamnyang'anya mfuko. "Wewe mzee, umeshakuwa baba mkwe wa pande zote mbili, sasa unakimbilia wapi? Kaa hapo. Leo tunakula pamoja, na firigisi tunagawana."

Wakala pamoja, watatu, sinia moja, jambo ambalo Benedikta hakuwahi kulifanya na mgeni wa kiume maisha yake yote. Ugali wa mtama na mlenda, na kuku wa jana. Mzee akawa anautazama kila mkono unaoingia siniani na kutoka, anafurahi tu.

"Zamani," akasema, "sisi wa Meatu tukiambiwa mkoani, ilikuwa Shinyanga. Mtu anaaga mji mzima. Wengine tuliwangoja mpaka leo."

Tonge la Benedikta likabaki mkononi.

"Generoza wetu alifia njia hiyo," akasema.

Alilisema kwa sauti yake ile ile ya chini, lakini Mayala alishtuka kama aliyeguswa na moto. Mzee akaacha kutafuna. Akakumbuka ile picha ndogo ukutani, akainamisha kichwa.

"Gari nilikuwa nalo mimi," Mayala akasema, hamwambii mzee, anamwambia mkewe. "Mama, gari nilikuwa nalo mimi."

"Najua. Sijakulaumu hata siku moja."

"Najua hujanilaumu. Lakini kila nikipita pale kwenye ofisi, nikaona mtu amebeba faili, namwona yeye. Miaka yote. Nilisema nikistaafu nisiione tena ofisi hata moja."

Benedikta akamtazama. "Mimi nilidhani unataka ng'ombe."

"Ng'ombe nataka pia." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Na wewe? Mbona uliniambia sawa?"

"Hukuniuliza, uliniambia." Akalirudisha tonge siniani. "Mimi kila jioni nazitazama taa za hospitali. Nasema, mtoto wa mtu leo hatafia mtoni. Nikiwa Lalago nitatazama nini?"

Mayala alichukua kipande cha firigisi kilichobaki, akakiweka upande wa mkewe, wakaendelea kula.

Mzee alikaa siku nne zaidi, kama daktari alivyotaka. Ijumaa jioni Benedikta alipotoka kusimama kwenye kona yake, alimkuta mumewe ameshatangulia. Wakasimama wote wawili. Na Januarius alikuwa anakuja Jumamosi saa nne, kuweka sahihi.

Jumamosi saa mbili, Yakobo akaja kumchukua mzee ampeleke stendi, ameshasemwa mpaka masikio yamemwiva, na anacheka bado. Benedikta akafunga michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko wa mzee. Mzee akapanda pikipiki, akashika fimbo yake, kisha akamgusa Yakobo begani angoje.

"Daktari amesema jicho la kushoto nirudi mwezi wa tisa," akasema. Aliwatazama, safari hii hatazami pembeni. "Nitawakuta?"

Benedikta akatazama chini. Swali hilo alikuwa amelibeba miezi mizima, akafagia nalo ua mzima, hakuthubutu kulitoa mdomoni. Sasa limeulizwa na mtu wa Kimali ambaye si wa kwao wala si wa kwa mumewe. Mayala akautazama upande wa plasta, akautazama mwarobaini, akamtazama mkewe, muda mrefu hivi kwamba Yakobo alizima pikipiki.

"Utatukuta," akasema. "Njoo, baba. Utatukuta hapa hapa."

Benedikta akafunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika.

"Mayu analia," mzee akasema, na jicho lake jipya limeona.

"Muache alie," Mayala akajibu. "Machozi yake hayo ni ya siku nyingi, na leo na mimi nipo."